Mwanafunzi wa Udaktari Apewa Jamaa ya Kuifuata Tangu Mwaka wa Kwanza

Mwaka 1952 wanafunzi wapya walipoingia katika shule ya udaktari ya Western Reserve, mjini Cleveland katika Marekani, walipewa jambo ambalo wenzao waliowatangulia hawakulipewa. Kila mmoja alijulishwa kwa mama mja mzito, akaambiwa amfuate mama huyo na jamaa yake: awepo akipimwa, awepo akijifungua, kisha aangalie jinsi mtoto anavyokua. Hakuruhusiwa kutibu, maana hakuwa bado na elimu ya kutibu, na juu yake walikuwako madaktari wenye ujuzi. Kazi yake ilikuwa kutazama, kusikiliza na kuuliza.

Ili kufahamu kwa nini jambo hilo lilistaajabisha watu, yafaa kukumbuka desturi iliyokuwako. Mwaka 1910 Abraham Flexner, ambaye hakuwa daktari bali mwalimu wa shule, alitoa taarifa yake baada ya kuzitembelea shule za udaktari 155 za Marekani na Kanada. Aliona nyingi ni duka tu za kuuza vyeti, na baada ya taarifa hiyo nyingi zilifungwa. Mpango alioutaka ulikuwa huu: miaka miwili ya sayansi, kisha miaka miwili ya hospitali. Ulikuwa mpango mwema kwa wakati wake, kwani uliwaondoa matapeli. Lakini ulileta taabu nyingine. Kijana aliyekuja kujifunza kuponya watu alikaa muda mrefu na maiti, chupa na hadubini kabla ya kuzungumza na mgonjwa hata mmoja.

Tena kila idara ilifundisha somo lake peke yake. Mwalimu wa maumbile ya mwili alieleza moyo ulivyo; baada ya miezi kadhaa mwingine akaeleza unavyopiga; wa tatu akaeleza kemia ya damu, bila kujua wenzake wamesema nini. Ni kama mkulima afundishwe mizizi ya kahawa mwezi wa Januari, majani mwezi wa Juni, na matunda mwaka ujao, kisha aambiwe aende akaunganishe mwenyewe shambani.

Mkuu wa shule hiyo ya Cleveland, Dr. Joseph Wearn, aliyeshika kazi hiyo mwaka 1945, aliuvunja utaratibu huo pamoja na wenzake. Masomo yalitolewa mikononi mwa idara yakapewa kamati zenye walimu wa idara mbalimbali. Moyo ukafundishwa wote kwa pamoja, kisha mapafu, kisha figo. Mwaka wa kwanza ukawa wa mwili wenye afya, na magonjwa yakafuata baadaye. Hata maabara ilibadilika: mwanafunzi alikuwa na meza yake mwenyewe, na walimu ndio waliomwendea.

Mtu aliyewahi kuketi katika baraza ataelewa kwamba kumnyang'anya mkuu wa idara saa zake ni kazi kubwa kuliko kuandika kitabu. Wala malalamiko ya walimu wa maumbile hayakuwa ya wivu tu. Saa za kupasua maiti zikipunguzwa, ni nani atakayejua mahali mshipa unapopita siku ile anaposhika kisu? Swali hilo huulizwa hata leo kila shule inapotaka kubadili mwaka wake wa kwanza, nalo ni swali la haki.

Shule ya McMaster, katika mji wa Hamilton nchini Kanada, ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1969 ilipokea wanafunzi 20 wa kwanza, ikawaketisha katika vikundi vidogo, ikawapa habari za mgonjwa na kuwaacha watafute wenyewe wanalopaswa kujua. Hotuba za darasani zilikuwa chache sana.

Njia hiyo ilifika Kenya. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka 1990, kilifuata mafunzo ya vikundi, tena kikawapeleka wanafunzi vijijini tangu mwaka wa kwanza, na baadaye wakafundishwa kupima hali ya afya ya watu wa mahali pazima, si ya mgonjwa mmoja tu. Makerere, ambako mafunzo ya udaktari yalianza mwaka 1924 na walikosomea madaktari wengi wa kwanza wa Kenya, iligeuza mpango wake vivyo hivyo mwaka 2003.

Gharama yake si ndogo. Hotuba moja yaweza kusikilizwa na wanafunzi mia, lakini kikundi cha wanane chataka mwalimu wake. Wanafunzi wakiongezeka na walimu wasiongezeke, vikundi hufura mpaka vikawa darasa tena, na wenye haya hunyamaza nyuma. Safari za vijijini nazo zataka gari, petroli, mahali pa kulala, na mganga wa kituo aliye tayari kuiacha foleni yake kidogo ili amweleze kijana wa mwaka wa kwanza kwa nini mama yule ametembea tangu alfajiri akiwa na mtoto mgongoni.