Kadi ya Bima Mbele ya Dirisha la Dawa

Baada ya Uhuru, na hasa kufuatia Azimio la Arusha la 1967, Mtanzania alitibiwa bila malipo katika vituo vya serikali. Mwaka 1993 serikali ilianza kumtoza mgonjwa sehemu ya gharama. Watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito na wasiojiweza walisamehewa. Lakini asiyejiweza alipaswa kuuthibitisha umaskini wake, na wapo wanaoona heri kuugulia nyumbani kuliko kukabili aibu hiyo.

Bima ilikusudiwa kuiondoa adha ya kutafuta fedha siku ya ugonjwa. Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanza kwa majaribio wilayani Igunga katikati ya miaka ya 1990, ulimwezesha mkulima kulipa mara moja kwa mwaka. Mara nyingi, hata hivyo, kadi yake haikuvuka kituo alikojiandikishia. Mfuko ulioboreshwa, ulioenezwa kuanzia 2018, uliirefushia kadi hiyo mkono: kwa shilingi 30,000 kwa mwaka katika mikoa mingi, kaya ya watu wasiozidi sita iliweza kutibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya mkoa, kwa kufuata rufaa.

Kwa nini basi wengi hawakuhuisha kadi zao? Aliyelipia bima kisha akaambiwa dirishani, “Dawa hakuna, kanunue nje,” amelipa mara mbili, na majirani zake watasikia. Wenye afya hujitoa, wagonjwa hubaki. Mfuko hukauka, na dawa huzidi kuadimika. Ndiyo maana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwezi Novemba 2023, imeufanya uanachama kuwa wa lazima. Lazima huongeza wachangiaji. Haijazi rafu za dawa.

Hapo ndipo mhudumu anapoingia. Kituo hulipwa na bima kwa fomu za madai, na fomu yenye kasoro hukataliwa. Wengi wetu huiona kuwa kazi ya karani, ilhali fedha zilizokataliwa ndizo zingenunua dawa za mwezi ujao. Nawe mgonjwa, usingoje homa ndipo ujiandikishe, kwa kuwa kadi mpya huenda isianze kutumika siku hiyo hiyo. Ulizia tarehe ya ukomo wake, na usiondoke zahanati bila barua ya rufaa unapotumwa mbele.