Je, Wajua? Miaka Minane Nangani

Je, wajua kwamba meli ya mizigo ya Ujerumani Magharibi, Münsterland, ilitumia miaka 8, miezi 3 na siku 5 kumaliza safari moja? Haikupotea njia, haikupanda mwamba, wala injini yake haikufa. Ilitia nanga tu, kwa amri, katikati ya Mfereji wa Suez, na nanga hiyo ikakaa chini karibu miaka minane.

Asubuhi ya Juni 5, 1967, msafara wa meli uliingia mferejini kutoka upande wa Suez, ukielekea kaskazini. Siku hiyohiyo vikalipuka vita vya Israeli na nchi za Kiarabu, vile vinavyoitwa vya Siku Sita. Waliokuwa sitahani waliziona ndege za Israeli zikipita chinichini kwenda kupiga viwanja vya ndege vya kijeshi vya Misri, kimojawapo Fayid, kando kabisa ya maji. Meli zikaamriwa zitie nanga katika Great Bitter, yaani Ziwa Kuu Chungu, pale mfereji unapopanuka ukawa kama ghuba. Misri ikazamisha vyombo kuufunga mfereji huku na huku. Israeli ikashika ukingo wa mashariki, Misri ikabaki na wa magharibi, na meli 14 zikajikuta zimeelea kati ya mizinga ya pande mbili.

Hesabu ya bendera ilikuwa hivi: nne za Uingereza, mbili za Ujerumani Magharibi, mbili za Sweden, mbili za Poland, na mojamoja za Ufaransa, Bulgaria, Chekoslovakia na Marekani. Ikumbukwe kwamba hiyo ni enzi ya Vita Baridi. Huko kwao, serikali za mabaharia hawa zilikuwa zimeelekezeana makombora. Hapa ziwani Mpoland aliishiwa sukari akamwendea Mwingereza, na Mbulgaria ndiye aliyekuwa na sinema.

Nasema alikuwa na sinema kwa maana halisi. Oktoba 1967 mabaharia walikutana kwenye meli ya Kiingereza Melampus wakaunda chama, wakakiita Great Bitter Lake Association. Kila meli ikawa na kazi yake kijijini. Filamu zilionyeshwa kwenye Vassil Levsky ya Bulgaria, ibada zilifanyika kwenye Nordwind ya Wajerumani, na aliyetaka kuogelea alikwenda Killara ya Sweden, iliyokuwa na bwawa. Mpira wa miguu ulichezwa juu ya sitaha ya Port Invercargill, na naomba msomaji awaze kidogo juu ya mchezaji anayepiga penalti ya juu mno: mpira haurudi, umekwenda majini, na mashua inashushwa kuufuata. Mashua zenyewe za kuokolea maisha ziliwekewa matanga, zikashindanishwa.

Mwaka 1968, wakati dunia imeelekeza macho Mexico City, ziwani kulifanyika Olimpiki. Ndiyo, Olimpiki ya Ziwa Chungu. Watu walikimbia, waliruka juu, walipiga mbizi, walilenga shabaha na kucheza polo ya majini. Medali walizitengeneza wenyewe. Poland ilishika nafasi ya kwanza, Ujerumani ya pili, Uingereza ya tatu. Nikiwaza orodha za michezo ile mingine, yenye viwanja vya mamilioni na mabalozi jukwaani, najiuliza kama kuna medali iliyopiganiwa kwa moyo kuliko kile kipande cha chuma cha karakana ya meli.

Je, wajua pia kwamba walitoa stempu zao? Zilianza kama mzaha: mtu anachora kwa mkono nanga, meli au ngamia, anabandika kwenye bahasha ya nyumbani. Hazikuwa za nchi yoyote, lakini posta ya Misri ilizipokea na barua zikafika. Wakusanyaji wa stempu wakazigundua, na mpaka leo husakwa minadani. Baharia aliyebandika tano kwa mkupuo ili mama yake acheke huenda alitupa mali.

Lakini tusiwafanye kuwa watalii. Adui wao mkubwa alikuwa kukaa bure, na michezo yote ile ilikuwa dawa yake. Upepo wa jangwani ulimwaga mchanga mchana na usiku, ukatanda juu ya milingoti, winchi na mifuniko ya ngama hata meli zikabadilika rangi, ndipo zikaitwa Kundi la Manjano. Injini ilibidi ziwashwe mara kwa mara zisigande, na kutu ipigwe nyundo kila siku. Januari 1968 Wamisri walijaribu kupima njia ili meli zitolewe, risasi zikarindima kutoka ng'ambo, na mpango ukafa siku hiyo. Katika ngama mlikuwa na shehena za watu: sufu, mpira, matunda. Sufu ina subira. Matunda hayana.

Wenye meli hawakuwaacha watu walewale huko miaka yote. Mabaharia walipokezana kila baada ya miezi michache, na idadi yao ikapunguzwa. Mwaka 1969 meli zilifungwa pamoja katika mafungu ili walinzi wachache watoshe, na kufikia 1972 hata mabaharia wa mwisho wa Kijerumani walirudishwa kwao, ulinzi ukaachiwa kampuni ya Norway. Kwa sababu ya kupokezana huko, kisa hiki kimesambaa katika bandari nyingi. Mzee wa Liverpool anaweza kukisimulia, na mzee wa Gdynia pia, kila mmoja akidai zamu yake ndiyo iliyokuwa tamu zaidi. Mwandishi Mwingereza Cath Senker aliwahoji baadhi yao akatoa kitabu mwaka 2017.

Pwani yetu nayo ilionja. Mfereji ulipofungwa, meli za Ulaya zilizokuwa zikija Mombasa na Dar es Salaam kwa njia ya Bahari ya Shamu zikalazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na gharama ya safari hiyo ndefu ikaingia kwenye bei ya kila kilichoteremshwa gatini.

Vita vya Oktoba 1973 viliikuta African Glen ya Marekani palepale, ikapigwa makombora ya Israeli ikazama. Baada ya hapo ndipo ilipoanza kazi ya kuusafisha mfereji: mabomu, mabaki ya vyombo, vifaru vilivyotumbukia. Rais Anwar Sadat aliufungua rasmi Juni 5, 1975, miaka minane kamili tangu siku ile ya ndege.

Wajerumani walikuwa wameshatoka. Mei 24 mwaka huo Münsterland na Nordwind ziliingia Hamburg kwa injini zao wenyewe, na watu wapatao 30,000 walijipanga ukingoni kuzilaki. Wahenga wetu walisema kawia ufike, ila sidhani walikuwa na hesabu ya namna hii. Ni hizo mbili tu zilizofika nyumbani kwa nguvu zao.

Wengi wanaosimulia kisa hiki husema meli 14. Kulikuwa na ya 15. Observer ya Marekani ilinaswa mbele kidogo, katika Ziwa Timsah, jina ambalo kwa Kiarabu maana yake ni mamba. Ilikaa huko muda wote huo, bila jirani hata mmoja wa kucheza naye mpira.