Bima ya Gari la Chama: Nani Atalipa Ajali Ikitokea?

Chama cha msingi kinaponunua pikapu ya kubebea nazi, mihogo au samaki, Mkutano Mkuu hujadili kwa kirefu bei yake, dereva wake na mafuta yake. Suala la bima huachiwa katibu, naye aghalabu huihesabu kuwa ni karatasi ya kumwonyesha askari wa barabarani. Hesabu hiyo ni ya hatari. Bima ya lazima haikuwekwa kwa ajili ya askari, wala kwa ajili ya gari. Iliwekwa kwa ajili ya mtu apitaye kando ya barabara, ambaye katika hati za bima huitwa mtu wa tatu, kwa kuwa wa kwanza ni chama na wa pili ni kampuni ya bima.

Sheria yenyewe ni ya zamani. Ilitungwa mwaka 1945, wakati wa utawala wa Mwingereza, na hadi leo ndiyo Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169. Inamkataza mtu yeyote kutumia gari barabarani, au kumruhusu mwingine alitumie, pasipo bima ya kulipia kifo au majeraha ya watu wengine yatokanayo na gari hilo. Maneno hayo ya "kumruhusu mwingine" yafaa yasomwe mara mbili, maana yanakihusu chama kinachomkabidhi dereva ufunguo.

Tangu mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, kazi ya bima ilikuwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua mlango kwa kampuni nyingine, na kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009 usimamizi wake upo chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA. Katika miaka ile ilitosha kujua ofisi ya Shirika ilipo. Leo kampuni ni nyingi, mawakala ni wengi zaidi, na nafasi za kudanganywa zimeongezeka vilevile.

Kile ambacho watu hukiita bima ndogo hulipia madhara ya watu wengine tu. Bima kubwa huongeza gari lenyewe. Kwa gari dogo la binafsi, ada ya bima ndogo iliyozoeleka ni shilingi 118,000 kwa mwaka pamoja na kodi ya ongezeko la thamani. Magari ya biashara yana viwango vyake.

Sasa tuchukue mfano. Pikapu ya chama inaondoka Kimbiji alfajiri na samaki wa kupeleka soko la Feri. Karibu na Mwasonga inamgonga mwendesha baiskeli, naye anafariki. Bima ilikwisha siku 4 zilizopita. Katibu alikusudia kulipa baada ya mauzo ya wiki hiyo. Ikithibitika kuwa dereva alikuwa mzembe, mahakama haitaishia kwake, kwa sababu alikuwa katika kazi ya mwajiri wake. Chama kilichoandikishwa ni mtu mbele ya sheria: hushtakiwa kwa jina lake, na mali yake hukamatwa kulipia hukumu. Wategemezi wa marehemu wana haki ya kudai kwa Sheria Sura ya 310. Basi fedha za benki, ghala, mizani na pikapu yenyewe vitakuwa hatarini, na mwanachama ambaye hajapata hata kuipanda pikapu hiyo atakosa malipo yake ya pili.

Nchi nyingine zimejaribu kuziba pengo la siku kama hizo 4. Katika jimbo la New York, Marekani, kampuni ya bima huiarifu ofisi ya usajili wa magari bima inapokoma, na gari lililobaki bila bima husimamishiwa usajili wake. Nchini Uingereza, tangu mwaka 2011, hata gari lililoegeshwa tu sharti liwe na bima, isipokuwa mwenyewe ametoa taarifa rasmi kwamba limeondolewa barabarani. Kwetu namba ya gari hubaki palepale siku bima inapokwisha. Zamani ada ya mwaka ya leseni ya gari ilikuwa angalau siku moja ya kukumbuka nyaraka zote. Nayo ilifutwa mwaka 2017, ikahamishiwa katika bei ya mafuta. Kwa hiyo tarehe ya mwisho ya bima yapasa iandikwe katika kumbukumbu za Bodi, na fedha zake zitengwe katika makisio ya mwaka, zisingojee mauzo.

Stika peke yake si ushahidi wa kutosha. Wakala asiye mwaminifu huweza kupokea ada na kutoa stika ambayo kampuni haina habari nayo. TIRA imeweka mfumo wake wa TIRA MIS, ambamo kwa kutumia simu na namba ya gari, katibu huweza kuona kama bima imeandikwa, ni ya kampuni gani, na inakwisha lini. Kazi hiyo ni ya dakika chache, ifanywe siku ileile ya kulipa, kabla wakala hajaondoka.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni matumizi. Pikapu iliyokatiwa bima ya kubeba mizigo ya chama haigeuki daladala kwa sababu wachuuzi wamepanda juu ya matenga na kutoa nauli. Hapo kampuni hupata sababu ya kukataa madai, au kukidai chama kile ilichokwisha kulipa. Dereva asiye na leseni ya daraja la gari hilo huleta shida ileile. Utingo na dereva, wakiwa ni wafanyakazi, wana mlango mwingine: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, mradi chama kimejiandikisha na kuchangia.

Gari lililonunuliwa kwa mtu lina tatizo lake. Bima ya muuzaji isidhaniwe kuwa inamfuata mnunuzi. Kadi ihamishwe TRA kwa jina la chama, kisha bima ikatwe kwa jina hilohilo.

Ajali ikitokea, polisi waarifiwe mara moja, majeruhi apewe fomu ya PF3 na kupelekwa hospitali, na kampuni ya bima iandikiwe pasipo kuchelewa. Kufika msibani na kutoa ubani ni utu, lakini asiwepo kiongozi wa kuahidi fidia au kukiri kosa kwa niaba ya kampuni. Barua ya wakili au hati ya mahakama isilale mezani kwa katibu hata siku moja, kwani kampuni hubanwa kulipa hukumu pale tu ilipoarifiwa juu ya shauri kwa wakati. Kampuni ikikataa bila sababu ya haki, chama kinaweza kwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Madai ya kudhuriwa huweza kufunguliwa ndani ya miaka 3. Kwa hiyo hati ya bima iliyokwisha muda wake isitupwe, hata kama gari limekwisha kuuzwa.