Toyota: Jina la Gari au Jina la Konde?

Hakuna mwananchi wa visiwa vyetu asiyelijua jina la Toyota. Limeandikwa kwenye malori yanayopakia magunia ya mchele bandarini, kwenye daladala ziendazo Nungwi na Makunduchi, na kwenye gari za shamba zinazoteremsha mihogo sokoni Chake Chake. Mtoto asiyejua bado kusoma hulitambua jina hilo kwa sura yake. Lakini tukiulizana maana yake, wengi wetu tutajibu kwamba ni jina la gari, basi.

Si kweli kwamba ni jina la gari, basi. Ni jina la ukoo, ni jina la mji, ni jina la vijiji kadha wa kadha, na kabla ya hayo yote lilikuwa jina la konde. Tumeona vyema leo tulieleze jina hili na watu na mahali panapoitwa kwalo, kwa sababu ndani yake mna mafunzo yanayotuhusu sisi wananchi wa visiwani na wale tuliowapa dhamana ya kuandika majina yetu.

Wajapani huliandika jina hili kwa herufi mbili za asili ya Kichina. Ya kwanza maana yake ni neema au wingi, na ya pili maana yake ni konde la mpunga. Kwa hivyo Toyota ni konde la mpunga lenye neema. Herufi hizo hizo mbili huweza kusomwa Toyota au Toyoda, kwa kufuata desturi ya kila ukoo na kila kijiji.

Majina mengi ya koo za Japani yamejengwa namna hiyo. Tanaka ni aliye katikati ya makonde, Yamamoto ni wa chini ya mlima, Nakamura ni wa kijiji cha kati. Mtu aliitwa kwa mahali alipolima. Sisi hatuwezi kulistaajabia jambo hilo, kwani Mkwajuni, Mwembeladu na Mnazi Mmoja hatukuyapata kwa njia nyengine ila kwa kutazama kilichosimama pale, na tunao miongoni mwetu jamaa waitwao Barawi kwa kuwa wazee wao walitoka Barawa.

Hata hivyo, lipo jambo moja katika taarikh ya Japani ambalo linafaa kutiliwa maanani. Katika zama za watawala wa kijeshi, haki ya kutumia jina la ukoo hadharani ilikuwa ya mabwana, yaani watu wa mbari za vita na makabaila. Wakulima na mafundi wengi walikuwa na majina ya koo wakiitana wenyewe kwa wenyewe, lakini mbele ya serikali hayakuhesabiwa. Mwaka 1870 serikali mpya ya Meiji iliwaruhusu raia wote watumie majina ya koo, na mwaka 1875 ikawalazimisha. Tusidanganyike kwamba yote hayo yalitokana na huruma tu: serikali ilihitaji kujua nani alipe kodi na nani aingie jeshini. Juu ya hayo, mkulima aliyekuwa akiitwa kwa jina lake tu sasa aliandikwa katika daftari sawasawa na bwana wake wa jana.

Ndiyo sababu jina moja likawaenea watu wasiokuwa na udugu. Palipokuwa na konde zuri la mpunga, huenda pakapatikana ukoo wa Toyoda. Tuchukue mfano wa waliotajika. Toyoda Soemu, aliyezaliwa mwaka 1885 katika mkoa wa Oita, alikuwa amiri wa manowari za Japani mwishoni mwa Vita Vikuu vya Pili, akashitakiwa baada ya vita na kuachiwa huru mwaka 1949. Toyoda Teijiro, aliyezaliwa mwaka huo huo wa 1885 katika mkoa wa Wakayama, naye alikuwa amiri, na mwaka 1941 alishika wizara ya mambo ya nchi za nje kwa miezi michache. Toyoda Shiro wa Kyoto, aliyeishi toka 1906 hadi 1977, alikuwa mtengenezaji filamu. Toyoda Yasumitsu wa mkoa wa Ibaraki alisifika kwa mchezo wa besiboli. Jina ni moja, mikoa ni mbali mbali, na kila mmoja ana kwao. Kushiriki jina si hoja ya kushiriki damu.

Ukoo uliolifikisha jina hili kwetu ni wa Toyoda Sakichi, aliyezaliwa mwaka 1867 katika kijiji ambacho leo kimo ndani ya mji wa Kosai, mkoa wa Shizuoka. Baba yake alikuwa seremala, na Sakichi mwenyewe alijifunza kazi hiyo ya mbao. Katika nyumba za kijijini kwao wanawake walifuma nguo kwa mikono mchana na usiku, na kijana yule akawa anafikiri namna ya kuwapunguzia taabu. Mwaka 1890 alitengeneza kitanda cha mfumi cha mbao kilichokuwa chepesi kuliko vile vya zamani. Mwaka 1924, pamoja na mwanawe Kiichiro, alikamilisha mashine ya kufumia inayojiendesha na kujisimamisha yenyewe uzi unapokatika, ili nguo mbovu isiendelee kufumwa. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza ilifanya mapatano ya pauni 100,000 ili ipate haki ya mashine hiyo. Waingereza, waliokuwa walimu wa dunia katika mashine za nguo, wakanunua elimu kwa mtoto wa seremala wa kijijini.

Kiichiro ndiye aliyegeukia gari. Lori la kwanza lilitoka mwaka 1935 na gari ndogo mwaka 1936. Mwaka huo wa 1936 ndipo jina la biashara lilipobadilishwa kutoka Toyoda kuwa Toyota. Zilitajwa sababu kadha: Toyota husikika vizuri zaidi, katika herufi za sauti za Kijapani huandikwa kwa michoro minane ya kalamu, na nane kwao ni idadi ya heri, tena ilitakiwa ionekane kwamba kazi hii imekwisha vuka mipaka ya nyumba ya mtu mmoja na kuwa kazi ya jamii. Kampuni yenyewe iliundwa mwaka 1937. Ukoo ukabaki Toyoda, kampuni ikawa Toyota, na hadi leo tofauti hiyo ya herufi moja inalindwa.

Hapa tunaomba watendaji wetu wasimame kidogo. Wenzetu walibadilisha herufi moja kwa makusudi, kwa sababu zinazoelezeka, na wakaandika kila mahali kwa namna ile ile. Sisi herufi zetu hubadilishwa na kalamu ya mwandishi aliyekuwa na haraka. Mzee mmoja aliwahi kutuletea karatasi zake tatu. Cheti cha kuzaliwa cha mwanawe kimemwandika baba Khamis, kitabu cha kazi kimemwandika Hamisi, na hati ya kiwanja imemwandika Hamis, bila ya jina la babu. Mtu ni mmoja, anaishi nyumba ile ile kwa miaka arubaini, lakini mbele ya dirisha la ofisi amekuwa watu watatu, na kila mmoja anatakiwa athibitishe kuwa ndiye mwenziwe. Kiinua mgongo chake kikangoja. Wapo waliofariki wakingoja, na mirathi yao ikawa ugomvi baina ya watoto kwa ajili ya herufi moja. Tulifunzwa chuoni kwamba elimu ya mwanzo aliyopewa Baba yetu Adam ni elimu ya majina. Haifai basi kuifanya kazi ya kuandika jina la mtu kuwa ni kazi ndogo.

Tugeukie mahali. Mji unaoitwa Toyota leo, katika mkoa wa Aichi, kwa mamia ya miaka uliitwa Koromo. Ulikuwa mji wa biashara ya hariri, na hariri ilipoanguka bei, mji nao ukaanguka. Wakubwa wa mji wakamkaribisha Kiichiro, na mwaka 1938 kiwanda kikubwa kikafunguliwa. Haikuwa neema tupu. Mwaka 1950 kampuni ilikaribia kufilisika, wafanyakazi wakagoma, zaidi ya elfu moja wakaondoka kazini, na Kiichiro naye akajiuzulu. Alifariki mwaka 1952. Kilichoinusuru kampuni ni pamoja na malori yaliyoagizwa na jeshi la Marekani kwa ajili ya vita vya Korea. Ni wajibu wetu kukumbuka kwamba nyuma ya kila jina kubwa pana jasho la watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Kampuni ilipoinuka tena, wafanyabiashara wa Koromo waliomba mji uitwe Toyota. Walisema kwamba herufi za Koromo ni ngumu kusomeka na kwamba mji ulikuwa ukichanganywa na mji mwengine uitwao Komoro. Wapo wenyeji waliopinga, wakiona si haki jina la wazee libadilishwe kwa jina la kampuni. Ombi likashinda, na tarehe 1 Januari 1959 mji ukaitwa Toyota. Tazama basi mzunguko wa ajabu: konde lilizaa jina la ukoo, ukoo ukazaa jina la kampuni, na kampuni ikazaa jina la mji.

Lakini Koromo haikufa. Bado limo katika majina ya mitaa ya mji huo, na sikukuu ya Koromo bado husherehekewa kila mwaka kwa magari makubwa ya mapambo yanayovutwa na watu. Sisi tunalijua jambo la namna hiyo. Pale Darajani hapana daraja tena, kwa kuwa ule mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo umekwisha fukiwa. Lakini jina linamweleza mtoto wa leo kwamba hapa maji yalipita. Jina la mahali ni ushahidi. Anayelifuta bila ya kuliandika popote amechana ukurasa wa kitabu ambacho nakala yake ni moja.

Miji mingine ya jina hilo haikupata bahati ya kiwanda. Palikuwa na Toyota katika mkoa wa Yamaguchi, Toyoda katika mkoa wa Shizuoka na kijiji cha Toyota katika mkoa wa Nagano. Yote mitatu iliunganishwa na miji mikubwa zaidi mwaka 2005, na mamlaka zake zikaondoka. Kijiji kile cha Nagano ndiko alikozaliwa Takano Tatsuyuki, mtungaji wa maneno ya wimbo uitwao Furusato, yaani kwetu tulikozaliwa, ambao watoto wa Japani wamekuwa wakiuimba skuli tangu mwaka 1914. Kwa hivyo jina lile lile limetoa gari inayompeleka mtu mbali na kwao, na limetoa wimbo unaomkumbusha kwao.

Tunamaliza kwa lile tuliloanza nalo, yaani maana. Bibi zetu walivaa kanga zilizochapwa Japani kabla ya sisi kupanda gari za huko, na hatuoni aibu kutumia kizuri kilichotengenezwa na wenzetu. Chema chajiuza. Lakini hebu tulitazame lile lori bandarini kwa macho mengine. Ubavuni limeandikwa konde la mpunga lenye neema, na mgongoni limebeba mchele uliolimwa nchi za ng'ambo, unaokuja kuliwa na watu wenye mabonde ya mpunga Cheju, Mtwango, Kibokwa na sehemu nyingi za Pemba. Mchele tunaokula visiwani kwa wingi ni wa kununua. Na baadhi ya ardhi tunayoweza kulima inaendelea kumegwa kwa nyumba na viwanja, kidogo kidogo, mpaka siku moja lile bonde litakuwa kama Darajani: jina lipo, chenyewe hakipo.

Rai yetu kwa viongozi na watendaji ni tatu, wala hazihitaji fedha nyingi. Kwanza, jina la mwananchi liandikwe kwa namna moja katika kila daftari, na anayeandika amsomee mwenyewe kabla hajatia muhuri. Pili, kila Shehia ikusanye kwa wazee majina ya vitongoji, visima na mabonde yake pamoja na maana zake, kabla wazee hao hawajatutoka. Tatu, ardhi ya mpunga ihifadhiwe kwa mpunga, na anayeomba kujenga bondeni aoneshwe pahala pengine.

Na kwa wananchi wenzetu tunasema: jina jema hung'ara gizani, lakini haling'ari lenyewe. Seremala wa Shizuoka hakulikuta jina la Toyoda likiwa kubwa. Alilikuta ni jina la konde kama makonde mengine. Sisi nasi makonde tunayo, na majina tunayo. Kilichobaki ni kuyalima yale na kuyatunza haya.