Bunduki Kuukuu ya Upepo: Namna ya Kuifungua na Kuitunza

Wanachama wetu kadha wanazo bunduki za upepo walizorithi kwa wazee wao. Nyingi zimelala nyuma ya makabati, au juu ya dari pamoja na majamvi ya kuanikia karafuu. Msimu ukiisha na kazi za shamba zikipungua, mtu huikumbuka, huiteremsha, huifuta vumbi, kisha hutamani kuifungua aone ndani kuna nini. Tumeulizwa zaidi ya mara moja kama kazi hiyo yaweza kufanywa nyumbani. Jibu letu ni kuwa sehemu yake kubwa yawezekana, iwapo mtu ana subira na anajua mahali pa kukomea. Makala haya yanaeleza mambo yote mawili.

Kabla ya yote, bunduki ya upepo si mchezo wa watoto. Risasi yake ndogo yaweza kupofusha jicho. Kwa hiyo kazi ya kwanza haifanywi kwa bisibisi. Mwenye bunduki na aende kituo cha polisi kilicho karibu, aulize kibali gani kinahitajika kwa kuiweka na kwa kuitengeneza, na karatasi zake ziwe sawa. Akishapata jibu, ndipo aendelee.

Inavyofanya kazi

Bunduki hizi zina historia ndefu. Kampuni ya Birmingham Small Arms, ambayo wengi wetu twaijua kwa pikipiki zake zenye herufi BSA, ilianzishwa mwaka 1861 na mafundi bunduki wa mji wa Birmingham waliojiunga pamoja, kama wakulima wanavyojiunga katika chama. Mwaka 1904 Bwana Lincoln Jeffries wa mji huohuo alipata hati ya ubunifu wa bunduki ya upepo, na mwaka uliofuata BSA wakaanza kuiunda. Baadaye, mwaka 1959, wakatoa ile iitwayo Meteor, ambayo mtutu wake hukunjwa. Wajerumani nao, katika mji wa Rastatt, walianzisha kiwanda cha Mayer & Grammelspacher mwaka 1890, na bunduki zake zina jina la Diana.

Namna zote hizi zinafanana ndani. Kuna silinda ya chuma, na ndani yake pistoni. Nyuma ya pistoni kuna springi nene, ile ambayo wazee huiita kamani. Ukikunja mtutu, mkono wa chuma huivuta pistoni nyuma na kuibana springi, mpaka jino la mtambo liikamate. Ukivuta kifyatuo, jino huachia. Springi huisukuma pistoni mbele kwa kishindo, hewa hubanwa mbele yake, hupita katika tundu dogo, na kuisukuma risasi nje.

Hewa ile haikuwekwa akiba mahali popote. Hubanwa wakati uleule wa kufyatua. Pistoni ikikaribia mwisho wa silinda, hewa iliyobanwa huwa kama mto wa kuipokea. Ndiyo sababu haifai kufyatua bunduki isiyo na risasi. Hewa hutoka yote bila kizuizi, mto hukosekana, na pistoni hugonga chuma kwa chuma. Afanyaye hivyo mara kwa mara huivunja bunduki yake mwenyewe.

Tuliyoyaona Magomeni, Mtwara

Mwanachama mwenzetu mmoja, mtu mzima sana, amehamia kwa mwanawe katika mtaa wa Magomeni, mjini Mtwara, huko pwani ya kusini kwenye mikorosho. Tulipokwenda kumjulia hali alitutolea BSA ya kukunja mtutu, aliyoachiwa na baba yake. Kibali chake kilikuwamo ndani ya bahasha, kimekunjwa vizuri. Tatizo lake alilieleza kwa maneno machache. Alikuwa amempa fundi mmoja wa mtaani aiongezee nguvu, kwa sababu ya kunguru.

Kunguru hawa twawajua sote. Waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili wale takataka za mji, na sasa wameenea pwani yote, wanakula vifaranga na mayai ya ndege wengine. Hasira juu yao twaifahamu. Lakini Magomeni ni mtaa wa watu. Nyumba zimekaribiana, na nyuma ya kila mwembe pana ua wa jirani. Risasi ikimkosa kunguru haipotei. Huenda ikaangukia mahali ambapo mpigaji hakupaona.

Fundi yule alitia springi nyingine, ndefu na ngumu kuliko ya asili. Kisha, ili kifyatuo kiwe chepesi, akalipiga tupa jino la mtambo. Siku ya pili mzee alikunja mtutu, akamwita mjukuu wake amtilie risasi. Mtoto aliponyosha mkono, jino likateleza lenyewe. Mtutu ukarudi kwa nguvu kama mtego wa panya, na kucha mbili za mtoto zikang'oka. “Vidole vimepona, namshukuru Mungu,” mzee alituambia. “Lakini tangu siku ile siishiki peke yangu.”

Tuliikagua pamoja naye kutwa nzima, na yafuatayo ndiyo tuliyoyafanya, pamoja na yale ambayo tulikataa kuyafanya.

Kuifungua

Kwanza, hakikisha haina risasi na haikukunjwa. Usiitegemee kumbukumbu. Fungua mtutu, ukiushika imara kwa mkono mmoja wakati wote, utazame ndani kwa macho yako. Watoto waondoke mahali pa kazi.

Pili, toa mbao. Bunduki nyingi za namna hii zina parafujo mbili upande wa mbele na moja au mbili karibu na kifyatuo. Tumia bisibisi inayojaa katika mfereji wa parafujo. Bisibisi nyembamba huharibu kichwa chake, na bunduki iliyoharibiwa vichwa vya parafujo humtangaza aliyeifungua. Weka vitu vyote katika sahani kwa mpango uliovitolea.

Tatu, toa springi. Hapa ndipo penye hatari. Hata bunduki isipokuwa imekunjwa, springi yake imebanwa ndani, na kizuizi cha nyuma kikitolewa huweza kuruka kwa urefu wa vidole vinne au zaidi. Springi ikiruka hivyo yaweza kumvunja mtu meno. Asiondoe mtu pini au kizuizi kile kwa kukibana na kifua chake, wala kwa kukiegemeza ukutani. Tafuta jiliwa refu la seremala, lile la kubania milango. Laza silinda ndani yake, weka kipande cha mbao upande wa mtutu na kingine upande wa kizuizi, kaza kidogo mpaka kizuizi kipumue, ndipo utoe pini. Kisha legeza jiliwa polepole, zamu kwa zamu, mpaka springi ikose nguvu kabisa. Uso wako usiwe kwenye mstari wa silinda hata kidogo. Asiye na jiliwa asifungue bunduki.

Nne, tenganisha mkono wa kukunjia na pistoni, uitoe pistoni kwa nyuma.

Ya kutengeneza nyumbani

Safisha kila kitu kwa kitambaa na mafuta ya taa, kisha ukaushe. Pwani zetu zina chumvi hewani, kusi na kaskazi, na tulikuta kutu hata katika mikunjo ya springi. Kutu nyepesi hutoka kwa kitambaa cha mafuta. Usipige msasa ndani ya silinda, kwa kuwa michirizi yake hupitisha hewa.

Viringisha springi juu ya kioo au meza iliyonyooka. Ikiyumba, imepinda, na springi iliyopinda ndiyo iletayo mlio wa kutetemeka na teke begani. Haikunjuliwi, hubadilishwa kwa nyingine ya kipimo kilekile.

Tazama kichwa cha pistoni. Katika bunduki nyingi za zamani kuna washa ya ngozi. Ngozi ikikauka hupitisha hewa, nawe hudhani springi imechoka kumbe ni ngozi. Ilainishe kwa mafuta ya ngozi, iache inywe usiku mmoja, kisha uifute mpaka isidondoshe. Ikiwa imechanika, fundi viatu hodari aweza kukata nyingine kwa kuifuatisha ile ya zamani.

Pitisha kidole kwa uangalifu katika kingo za mwanya ambamo mkono wa kukunjia hupita. Makali madogo ya chuma hapo huila washa wakati wa kuirudisha pistoni. Kwa kingo hizi, tupa ndogo laini yafaa. Kisha paka grisi nyembamba ya molibdeni katika springi na ubavuni mwa pistoni. Ukiiona grisi imerundikana, umetia nyingi.

Habari ya mafuta

Kosa la watu wengi ni kumimina mafuta katika tundu la mbele ya pistoni. Hewa ikibanwa ghafla hupata moto mkali sana, na mvuke wa mafuta huwaka, kama inavyokuwa katika injini ya dizeli. Bunduki hulia kwa kishindo na kutoa moshi, na mwenyewe hufurahi kuwa imepata nguvu. Si nguvu hiyo. Ni mripuko usio na kipimo, unaoichoma washa na kuivunja springi. Mbele ya pistoni pasitiwe kitu, ila unyevu uliomo ndani ya ngozi.

Mwenzetu mmoja aliuliza kama mafuta ya karafuu yanafaa. Swali ni la haki, kwa maana Wajapani hupaka panga zao za kale mafuta waitayo choji, na choji kwa lugha yao ni karafuu. Lakini siku hizi mafuta yale huwa ni mafuta ya madini yaliyotiwa karafuu kidogo tu. Mafuta yetu yatokayo kiwanda cha makonyo cha Wawi ni makali. Hulainisha baadhi ya plastiki na huweza kuharibu rangi ya mbao. Tuyauze kwa wanaoyahitaji, na bunduki tuipake nje mafuta mepesi ya mashine.

Yasiyo ya nyumbani

Jino la mtambo lisiguswe tupa hata mara moja. Ubavu wake mdogo, usiozidi upana wa punje ya mchele, ndio unaoizuia springi yote. Ukilichonga, kifyatuo huwa laini siku hiyo, na siku ya pili bunduki hujifyatua. Vivyo hivyo, usitie springi ngumu kuliko ya asili. Mtambo uliundwa kwa mzigo wake, nao haukuundwa kwa mzigo mwingine. Hata huko zilikotoka nguvu ina mpaka. Kanuni za Uingereza za mwaka 1969 ziliweka futi-ratili 12, yaani kiasi cha juli 16, kwa bunduki ya upepo isiyohitaji hati, na Ujerumani mpaka ni juli 7.5.

Kwa sababu hiyo bunduki ya Magomeni hatukuirudisha kama ilivyokuwa. Tulisafisha, tukalainisha washa, tukaondoa kutu, tukafunga parafujo zote. Lakini springi ile ndefu tuliiacha nje, na jino lililochongwa tulilifungia katika karatasi, apelekewe fundi bunduki mwenye leseni alibadilishe. Mzee alisikitika kidogo, kwani alitaka kuisikia. Kisha akasema bunduki isiyopiga ni bora kuliko mjukuu asiye na vidole. Hatukuwa na la kuongeza.

Kuijaribu

Bunduki iliyo nzima, baada ya kufungwa tena, ijaribiwe mahali pa wazi penye ukuta wa udongo nyuma, hatua kumi tu. Weka ukanda mwembamba wa karatasi juu ya maungio ya mtutu na silinda, ufyatue ikiwa na risasi. Karatasi ikipeperuka, hewa inavuja na washa ya maungio yahitaji kubadilishwa. Piga risasi tano katika karatasi moja bila kugusa mahali pa kulengea, uone kama zinakusanyika. Usiikamate kwa nguvu. Springi huirusha bunduki nyuma kisha mbele kabla risasi haijatoka, na mkono unaoikaba huipotosha. Iache itulie juu ya kiganja.

Usiiache imekunjwa, maana springi huchoka. Usivute kifyatuo mtutu ukiwa wazi, maana hupinda. Risasi ni za timazi, kwa hiyo nawa mikono kabla ya kula. Ukimaliza, ifute jasho la mikono na uifungie mahali ambapo mtoto hafiki.

Mkulima wa karafuu anajua kwamba karafuu haikaushwi kwa haraka. Aliyeianika vizuri hupata daraja la kwanza, na aliyeifukiza motoni hupata moshi. Bunduki ya zamani nayo ni vivyo hivyo. Haiombi nguvu zaidi ya ile iliyopewa na waliyoiunda. Yaomba usafi, ngozi laini, parafujo zilizokazwa, na mtu ajuaye kusimamisha mkono wake. Mwanachama aliye na bunduki ya namna hii na hana hakika na mtambo wake, na aiache imefungwa mpaka ampate anayejua. Itamngojea.