Mashua za tanga: juu ya nini vijana wanaziacha, na wapi wamebaki

Huko Ulaya na Amerika kuna mchezo mmoja wa maji ambao tangu miaka mingi unapoteza watu: kutembeza mashua ya tanga kwa kujifurahisha. Si kuvua, si kubeba mizigo. Ni kwenda na upepo tu, siku ya posho ao ya Mungu, kisha kurudi nyumbani. Wakubwa wa vikundi vya mchezo huo wanalalamika neno moja: wanamemba wanazeeka, vijana hawaingii, na wale wanaoingia hawakai.

Utaniambia: na shida hizi zote tulizo nazo, ile inatuangalia nini? Inatuangalia, juu sisi ni watu wa Kivu na Tanganyika. Watoto wetu wengi wanaogopa ziwa ambalo wanaliona kila asubuhi, na wanakuwa watu wazima bila kujua kuogelea. Kwa hiyo ni vizuri kuelewa namna wengine walipoteza vijana wao kwenye maji, na namna wengine waliwashika.

Kwanza tuelewane juu ya tanga lenyewe. Ni kitambaa kikubwa kinachofungwa kwenye mlingoti kusudi kikamate upepo. Upande wa Tanganyika si kitu kipya: katika miaka ya 1800, mbele ya injini kufika, wachuuzi wa Pwani walikuwa wakivuka ziwa toka Ujiji kwa mashua za tanga. Watu wanauliza kila mara: upepo ukikuja mbele yako, unaendaje? Hauendi sawasawa mbele. Unakwenda pembeni, kuume kisha kushoto, kama pikipiki inayopanda mulima wenye makona. Chini ya mashua kuna kibao kinachoingia ndani ya maji. Ndicho kinazuia upepo usikusukume pembeni. Mtoto wa miaka minane anaweza kujifunza ile kazi.

Na kweli watoto ndio walifikiriwa. Mwaka 1947, katika mji wa Clearwater, jimbo la Florida, Marekani, fundi Clark Mills alichora kamashua kadogo ka mtoto mmoja, urefu wake metre 2 na nusu hivi. Alikachora kusudi baba na mtoto wakatengeneze nyumbani na mbao mbili za triplekse, kwa bei isiyopita dola 50. Wakakaita Optimist. Leo iko katika inchi nyingi sana za dunia. Uingereza nao, mwaka 1963, gazeti la Daily Mirror lilisaidia kutoa mashua yenye tanga nyekundu, ambayo ulinunua vipande vyake ukaviunganisha wewe mwenyewe kwako. Zilitengenezwa zaidi ya 70,000. Gazeti, si kampuni ya maboti! Wale walionunua hawakuwa matajiri. Walikuwa wafanyakazi wa kawaida.

Basi nini iliharibika?

Watu wanasema feza. Ni kweli kwa sehemu. Ile Optimist ya triplekse, leo ile ya mashindano ni ya plastiki ngumu, mpya inauzwa maelfu ya dola. Kitu kilichotengenezwa kwa mtoto wa mtu wa chini kimepanda ngazi na kumuacha yeye chini. Ongeza feza ya kuegesha mashua, feza ya kikundi, na gari la kuivuta. Lakini feza peke yake haielezi mambo yote, juu hata watoto wa wenye nazo wanaacha.

Mmarekani mmoja, Nicholas Hayes, aliandika kitabu juu ya jambo hilo mwaka 2009. Kwake yeye, ugonjwa mkubwa ni namna watu wanatumia wakati wao. Zamani familia ilikuwa inapanda mashua moja, mkubwa akifundisha mdogo bila kujua kama anafundisha. Kisha wazazi wakaanza kupeleka mtoto kwa mwalimu, kumuacha hapo, na kurudi kumkamata saa kumi na moja. Mtoto akawa na watoto wa umri wake tu, na kazi yao ikawa kushindana. Yule anayeshinda anafurahi. Yule anayekuwa wa mwisho kila wiki, juu ya nini arudi?

Tena kuna kipimo cha umri. Mashindano ya Optimist yanaishia mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 15. Nyuma ya hapo sherti apate mashua ingine, kubwa na ya bei kali, wakati masomo yanakuwa mazito na marafiki wako kwingine. Hapo ndipo wengi wanaponyokea. Wazee wanasema ni telefone. Mimi siamini sana: mtoto mwenye kazi na rafiki ndani ya mashua anasahau telefone, tena ndani ya maji itaharibika.

Tuangalie sasa pahali ambapo vijana walibaki. Katika mji wa Boston, Marekani, kwenye mto Charles, miaka ya 1930 mtu aitwaye Joseph Lee alianza na watoto wa mtaa wa watu wa chini, West End. Mwaka 1946 kazi yao ikawa shirika, Community Boating. Hakuna mwenye mashua yake. Mashua zote ni za wote. Na kwa miaka mingi mtoto alikuwa akilipa dola moja tu kwa kipwa kizima. Dola moja.

Ufaransa mambo ni ya namna ingine. Mwaka 1947 bwana na bibi, Philippe na Hélène Viannay, waliotoka kupinga Wajerumani wakati wa vita, walifungua masomo ya tanga kwenye visiwa vya Glénan, jimbo la Bretagne. Walikuwa na vijana ambao vita ilikuwa imewachosha. (Philippe huyo alisaidia pia kuanzisha masomo ya waandishi wa habari ya Paris, CFJ.) Kule wanafunzi wanapika wenyewe, wanasafisha, wanatengeneza mashua. Na walimu ni watu wanaojitolea, wengi wao walijifunza hapohapo. Kijana wa miaka 17 haambiwi «umemaliza». Anaambiwa «sasa wewe fundisha». Kwa maoni yangu hii ndiyo inamshika kuliko bei ya chini, juu mtu haachi pahali ambapo anahitajiwa.

Tukirudi kwetu. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiona kutoka ngambo. Tusidanganyane: tanga haiponyeshi boti iliyojazwa kupita kiasi, na masomo ya mchezo hayachukui nafasi ya kazi ya serikali. Lakini somo la kwanza katika vikundi hivyo si kwenda mbali. Ni kupindua mashua kwa makusudi, karibu na ngambo, kila mtoto akiwa na jile yake mwilini. Anajifunza kutokukimbia mashua, kuishika, kupanda juu ya kile kibao na kuirudisha sawa. Anarudilia mpaka woga unakuwa mazoezi.

Triplekse iko sokoni, na mafundi wa mitumbwi wako. Wavuvi wa sambaza wanajua upepo wa ziwa na saa zake kuliko kitabu chochote. Kitu kigumu ni jile za saizi ya watoto, maana nyingi zinazouzwa ni za watu wakubwa na zinaponyoka kwenye mabega madogo. Na kama siku moja watu wa mtaa wataanza, waanze na mashua ya watu watatu ao wane, si ile ya mtoto mmoja: mvuvi mzee nyuma kwenye usukani, kijana wa miaka 16 kwenye kamba ya tanga, na wadogo katikati wakiangalia.