Nazi Haikai Ghalani

Vunja nazi iliyokaa sana sokoni Geita baada ya safari ndefu kutoka pwani, na huenda ukakuta joya ndani, lile bonge laini na tamu linalogombaniwa na watoto. Nazi hiyo imeshaanza kuota, na joya linaifyonza ili kuulisha mche.

Mahindi hukaushwa, yakawekwa kwenye baridi na kukaa miaka mingi. Nazi ukiikausha inakufa, ukiiacha na unyevu inaota. Kwa hiyo aina za minazi hutunzwa shambani zikiwa hai. Tanzania iliingia kwa nguvu katika kazi hii mwaka 1979, ulipoanza mpango wa taifa wa kuendeleza minazi, makao yake Mikocheni, Dar es Salaam, na mashamba yake yakiwemo ya Chambezi, Bagamoyo.

Ni kazi ngumu, na naiheshimu sana. Mnazi mrefu wa Afrika Mashariki huchanganya chavua na minazi jirani, hivyo nazi iliyodondoka chini yake si lazima irithi sifa za mama peke yake. Anayetaka aina ibaki safi hupanda juu karara linapopasuka, huondoa maua dume, hulifunika shada kwa mfuko, kisha hulipulizia chavua aliyoichagua. Mche utakaopatikana huchukua miaka sita au zaidi kuzaa.

Halafu kuna ugonjwa wa kunyong'onyea. Vidaka hupukutika, makuti hubadilika rangi, kilele huoza na kuanguka, shina likabaki wima kama nguzo ya umeme. Watafiti walipanda aina nyingi za kigeni katika maeneo yenye ugonjwa huo, na karibu zote zikafa, hata minazi mifupi ya Malaya iliyotegemewa Jamaica dhidi ya ugonjwa wa jamii hiyo. Iliyopona kwa kiasi ilikuwa baadhi ya minazi mirefu ya hapa kwetu. Bila kuipanda yote pamoja, nani angejua?

Lakini shamba hilohilo laweza kufa lote. Ndiyo sababu mtandao wa kimataifa wa rasilimali za minazi, ulioundwa mwaka 1992, uligawa hazina yake katika nchi kadhaa, zikiwemo Côte d'Ivoire, India na Indonesia.

Geita tunayo mihogo, nayo hutunzwa kwa pingili zilizo hai. Magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia yameshafuta aina nyingi mashambani mwetu. Ukipata mbegu bora ya kituo cha utafiti cha Ukiriguru, ipande, lakini usiung'oe wote muhogo wa bibi yako: chagua mashina yasiyo na dalili, uyapande mahali pawili palipotengana.